Mume anataka vifaranga 300, mama mkwe hataki kuku wake waguswe

Barua

Dada mshauri, habari za kazi.

Nimeolewa wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Mume wangu ni dereva Dodoma, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Hapa naishi na watoto wetu watatu na mama mkwe, ambaye ni mjane. Eneo letu ni ekari mbili na nusu: nyumba, mtama, alizeti, mbuzi wachache, na kuku.

Kuku ni wa mama. Wako kama 35 ukijumlisha makoo, matetea na pora. Kuna kuchi, kuna kishingo, na vibwenzi wawili. Mchana wanajitafutia, usiku wanalala jikoni. Mwaka jana mwezi wa kumi ugonjwa uliingia kijijini. Wengine tuliwakuta wamekufa asubuhi, wengine shingo zimepinda, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Mama aliwapa maji ya mwarobaini na pilipili lakini wakabaki saba tu. Hawa wa sasa ni uzao wa wale saba. Hawajawahi kuchanjwa.

Sasa mume wangu anataka tulete vifaranga 300 wa Kuroiler, aina ya kuku wa kisasa wa nyama na mayai. Fundi ameshapima banda la mita 6 kwa 5 nyuma ya nyumba. Anataka wafike Julai. Fedha nikope mimi kwenye kikoba changu, milioni mbili, marejesho yanaanza mwezi unaofuata kwa miezi sita. Sharti lake ni kwamba kabla vifaranga hawajafika, kuku wote wa mama wauzwe, maana rafiki yake anayefuga amemwambia kuku wa kienyeji ndio wanaobeba kideri (ugonjwa wa Newcastle) na hawafai kukaa boma moja na wa kisasa.

Mama hataki kusikia. Watatu kati ya kuku hao ni wa wajukuu, kila mtoto alipewa tetea lake. Siku hizi jioni anawahesabu kwa sauti wakiingia jikoni, ili nisikie. Na amemwambia jirani kwamba wazo hili limeletwa na mkwe.

Mimi naona mama haelewi mambo ya kisasa, ingawa nakiri kwamba anajua kuku wake. Akisikia mlio tu anajua yupi ametaga na yupi anataka kuatamia. Mume wangu naye ana haraka. Nikisimama na mume, nitaishi vipi na mama ambaye ndiye niliye naye kila siku? Nikisimama na mama, mume ataona namzuia kujenga maisha. Isitoshe, wiki hii kuku wawili wanakoroma na kutoa kamasi puani, na mume akisikia atasema si nilisema.

Je, ni kweli kuku wa aina hizi mbili hawawezi kukaa boma moja? Na niseme nini, kwa nani?

Mkwe wa Katikati, Iramba

Jibu

Mdogo wangu, pole kwa kukaa katikati.

Nianze na wale kuku wawili, kwa sababu hao hawawezi kungoja kikao cha familia. Watoe jikoni leo, uwaweke mahali pao chini ya tenga, na chombo chao cha maji kisichotumiwa na wengine. Wahudumie mwisho, baada ya kuku wote, kisha unawe mikono. Kamasi, kukoroma na uso kuvimba huenda ni mafua ya kuku, ambayo yana tiba, lakini kideri nacho kinaweza kuanza na shida ya kupumua. Mwite ofisa mifugo wa kata awaone. Wakati huohuo usimruhusu mtu yeyote, hata kwa nia njema, kuwakimbiza mnadani. Kuku mgonjwa akiuzwa anabeba ugonjwa hadi boma la mwingine, na tenga lililombeba linarudi na ugonjwa kwenu.

Sasa barua yako. Nimeielewa hivi: mumeo ana mpango wa kipato ambao kazi yake itafanywa na wewe, deni lake litaandikwa jina lako, na gharama yake ya kwanza italipwa na mama kwa kuku wake. Katikati ya hayo mmewekewa swali la kitaalamu, la kuku wa kienyeji na wa kisasa, kana kwamba likijibiwa mengine yatakaa sawa. Mimi sidhani, lakini nitalijibu kwanza, kwa sababu lina ukweli ndani yake na mumeo anastahili kujibiwa kwa heshima.

Rafiki ya mumeo hajakosea kabisa. Kuku wakubwa wanaonekana wazima huku wamebeba vimelea ambavyo vinaua vifaranga: mafua, kuhara damu, minyoo, utitiri. Ndiyo maana wafugaji hawachanganyi kuku wa rika tofauti. Hilo ni suala la rika, si la kabila la kuku. Ukiwa na Kuroiler wa miezi sita na ukaleta vifaranga wengine wa Kuroiler, hatari ni ileile.

Kideri ni habari nyingine kidogo. Dalili ulizoeleza za mwezi wa kumi zinafanana nacho sana. Lakini kuku wa mama hawakukizalisha jikoni. Kideri huingia na kuku aliyenunuliwa mnadani na kuachiwa siku hiyohiyo achanganyike na wenzake, na utumbo na manyoya ya kuku aliyechinjwa kwingine, na viatu, na tenga lililoazimwa. Kinaua Kuroiler ambaye hajachanjwa sawasawa na kinavyoua kishingo. Kuuza kuku wote wa mama hakuondoi kideri Iramba. Kuku wa jirani watabaki palepale, na watakuja kuokota punje zilizomwagika kando ya banda jipya.

Kinachozuia kideri ni chanjo. Kwa kuku wa vijijini ipo chanjo ya I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haipendi jua wala haipendi kusahaulika kabatini. Ibebe imeviringishwa kitambaa kibichi, kivulini. Mlaze kuku ubavu, kichupa kielekee chini wima ili tone litoke kamili, tone moja katika jicho moja, kisha usimwachie mpaka apepese jicho na tone lipotee. Kifaranga na jogoo dozi yao ni moja. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanaochanjwa ni wazima tu. Kumchanja kuku ambaye tayari anaumwa hakumponyi, na ndiko kunakozaa yale maneno ya kwamba chanjo inaua. Mwarobaini wa mama sina ugomvi nao, ila hautibu kideri. Hakuna dawa inayokitibu.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wenu 35, kwa hiyo mahali pengi majirani huchangiana na kuchanja siku moja, na hiyo ni bora hata kwa kinga, maana kuku wa vijijini hawajui mipaka. Hapo jiulize: nani katika eneo lenu akienda nyumba kwa nyumba atasikilizwa kuhusu kuku? Nina hakika si mumeo.

Umeandika kwamba mama haelewi mambo ya kisasa. Sentensi inayofuata umeandika kwamba kwa mlio tu anajua kuku anayetaka kuatamia. Kutoka kuku saba hadi 35 kwa msimu mmoja, bila chakula cha dukani, bila umeme, na mwewe juu, si bahati. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, huatamia siku 21, kisha hulea kwa miezi miwili au zaidi kabla ya kutaga tena. Vifaranga wanaojitafutia na mama yao, mara nyingi nusu au zaidi hawafiki wiki ya nane. Huenda kuna jambo analoelewa vizuri sana, nalo ni kwamba kuku wake ndio akiba pekee isiyopitia mkononi mwa mwanawe. Sijui kama ndivyo anavyofikiri. Ila kabla ya kumwita mkaidi, ningependa umuulize zile fedha za kuku huenda wapi kwa mwaka. Sukari, mgeni, mchango wa msiba, dawa, madaftari ya wajukuu? Jibu lake litakuonyesha ni kitu gani hasa anaambiwa auze.

Tuje kwenye mpango wa mumeo. Si mpango wa kipuuzi. Kuroiler anakua haraka na anataga zaidi, na jogoo wake akilishwa vizuri huuzwa kuanzia miezi mitatu hadi minne. Lakini kuna hesabu ambazo sijaziona kwenye barua yako.

Banda la mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30. Kuku wakubwa wa aina hii wakifungiwa hukaa watano au sita kwa mita moja ya mraba, yaani 150 hadi 180. Ukiweka 300, wakifika wiki ya nane wataanza kudonoana, maranda yatalowa, na harufu itakupasha habari kabla ya mtu yeyote. Kwa hiyo ama banda liongezwe mara mbili, ama idadi ikatwe nusu.

Chakula. Mpaka miezi mitatu kadiria kilo 5 au zaidi kwa kila kuku. Kwa kuku 300 hiyo ni kilo 1,500, mifuko 30 ya kilo 50. Wakishakuwa wakubwa kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo mfuko mmoja haumalizi siku mbili. Uliza bei ya mfuko leo hapo mjini Kiomboi, zidisha kwa 30, kisha angalia kinachobaki kwenye milioni mbili kabla hujalipa fundi wala kununua vifaranga. Mtu atakwambia Singida kuna mashudu ya alizeti tele, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta. Ni kweli, na yatakusaidia kupunguza gharama kwa kuku wakubwa, ukichanganya na pumba, dagaa na chokaa. Kwa vifaranga, mashudu ya mashine zetu yana maganda mengi mno. Tumbo lao haliwezi, wanadumaa. Na mahindi au mashudu yaliyoota ukungu usiyaguse kabisa kwa ajili ya sumukuvu.

Marejesho yanaanza mwezi wa kwanza, wakati kuku wa kwanza anauzwa mwezi wa tatu au wa nne, na yai la kwanza linakuja karibu mwezi wa tano au wa sita. Miezi hiyo ya mwanzo rejesho litatoka wapi? Hili ningelitaka kwa maandishi, si kwa sababu mumeo si mwaminifu, bali kwa sababu kikoba kitamdai aliyesaini.

Na Julai. Usiku wa Julai huko kwenu ni baridi kali. Vifaranga wa siku moja wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha mnashusha nyuzi kama 3 kila wiki. Kwa 300 utahitaji duara lenye kipenyo cha karibu mita 2.8, kuta zake ziwe za hadibodi au mabati ili wasibanane pembeni, na chanzo cha joto kiwashwe saa kadhaa kabla hawajafika. Wakirundikana katikati na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani wamefungua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika wanakula na wengine wamelala, hapo sawa. Kama joto ni la jiko la mkaa, lazima pawe na upenyo wa hewa juu, maana gesi ya mkaa huua vifaranga na aliyelala nao. Mtu lazima aamke usiku, mara kadhaa, kwa wiki mbili au tatu. Barua yako imehesabu kuku, ekari, fedha na miezi. Saa zako hazimo. Mumeo yuko Dodoma, kwa hiyo anayeamka ni wewe, na asubuhi kuna watoto, mbuzi na shamba.

Basi njia ziko ngapi? Kwenye barua mmejipa mbili, ya mume au ya mama. Mimi naziona zaidi, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kufanya kama alivyopanga, kuku wa mama wakaondoka. Faida ni usafi wa kuanzia, hilo nalikubali. Lakini Kuroiler hawaatamii vizuri, na vifaranga wa kizazi cha pili hawafanani na wazazi wao, hivyo kila awamu mtanunua upya. Awamu moja ikifeli, hamtakuwa na kuku wa kurudia, wala mama hatakuwa na sababu ya kukupa mkono usiku vifaranga wanapolia.

Mnaweza kuleta 100 au 150, mkawaacha wa mama. Hili linadai nidhamu ambayo watu huiahidi kirahisi. Kuku wa mama watoke jikoni wapate kibanda chao upande mwingine wa boma, mbali na banda jipya kadiri eneo linavyoruhusu. Wachanjwe, wapewe dawa ya minyoo, na wapuliziwe dawa ya utitiri angalau wiki mbili kabla ya vifaranga kufika. Banda jipya liwe na waya wa matundu madogo ambao hata shomoro hapiti. Viatu vya bandani vibaki bandani. Kila siku uanze na vifaranga ndipo uende kwa wakubwa, usirudi nyuma. Vifaranga nao wawe na ratiba yao ya chanjo za magonjwa: Marek tangu siku ya kwanza kiwandani, kideri wiki ya kwanza na kurudia, gumboro karibu siku ya 14 na marudio, ndui kwa kuchomwa kwenye bawa kuanzia wiki ya sita. Mwiba wake ni kwamba siku ukichoka, ukaingia bandani na viatu vya jikoni, mpaka wote unavunjika. Na kifaranga akifa kwa sababu yoyote ile, hata baridi, lawama itakwenda kwa kuku wa mama. Mkubaliane mapema kwamba vifo vikizidi mtamwita mtaalamu, si kutafuta mchawi.

Njia ya tatu inaanzia kwa mama mwenyewe: kuatamisha kwa pamoja. Koo wa kwanza akitaka kuatamia anaachiwa mayai mawili matatu ya kumdanganya huku mkisubiri wenzake. Wakifika wanane au kumi, jioni moja wote wanawekewa mayai yenye rutuba yasiyozidi siku saba, hayajaoshwa, 10 hadi 13 kwa kila mmoja kulingana na ukubwa wake. Siku ya saba unapima kwa tochi gizani. Lenye uhai lina mishipa kama miguu ya buibui, jeupe tupu unaliondoa. Kutoka siku ya 18 hamgusi kiota. Wakitotoa mnaweza kupata vifaranga 80 au zaidi wa rika moja, ambao mnawalea chini ya matenga na kuwalisha kwa mwezi wa kwanza badala ya kuwaachia mwewe. Deni ni dogo na mama ndiye fundi. Ila faida yake ni ya polepole, kuku hao hawatafikia uzito wa Kuroiler, na mumeo anaweza kuona umemrudisha alikotaka kutoka. Tena kuku ni wa mama. Hamwezi kumpangia lini aatamishe na nani achukue fedha bila yeye kukubali mgawo. Mtahitaji pia jogoo wa damu nyingine, maana kundi lote limetoka kwa saba.

Au mnasogeza tu tarehe, mkasubiri baridi ipungue, Septemba, na katikati hapo kuku waliopo wachanjwe. Kusubiri nako kuna bei: Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya kideri, na mumeo huenda fedha aliyonayo leo asiwe nayo.

Umeuliza useme nini kwa nani. Sitakuchagulia upande, ila angalia jambo moja. Mama anaamini wazo ni lako, na kila siku ambayo mumeo yuko Dodoma bila kumwambia mwenyewe, imani hiyo inazidi. Neno la kuuza kuku wa mama, kama litasemwa, ni la mtoto wake kulisema, uso kwa uso. Unaweza kumwomba hilo bila kumpinga: mwambie uko tayari kuzungumzia kuku, lakini mbele ya mama, akiwa nyumbani. Kabla ya hapo, ukiwa naye peke yenu, mwekee zile hesabu nne: mita za banda, mifuko 30, rejesho la mwezi wa kwanza, na nani anaamka usiku. Ziulize kama maswali, maana inawezekana ana majibu ambayo hukuyajua. Kama unaona atakasirika, familia nyingi zina shangazi au baba mdogo ambaye neno lake huingia. Lakini kumwita mtu wa tatu mapema mno kunaweza kumuumiza mumeo kuliko hizo hesabu zenyewe, hilo unalipima wewe.

Na kwa mama, labda usianze na kuku 300. Anza na wale wawili walio chini ya tenga. Mwombe mwende naye kwa ofisa mifugo, au awepo atakapokuja, aeleze yeye walianza lini na wamekula nini. Kisha utuandikie alichosema ofisa huyo, kwa sababu ikiwa ni kideri, ratiba yote ya Julai inabadilika, na sehemu kubwa ya haya niliyoandika itabidi tuipange upya.